Pa kupiga hema wikiendi ndefu Mbeya na Iringa: chagua kwa sikukuu

Mtu akiniuliza wapi kuna pazuri pa kupiga kambi huku kwetu, nami humuuliza: sikukuu gani? Ufukwe wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unakaribia mita 2,600. Katika usiku uleule wa Julai, aliye Matema hujifunika kanga, na aliye Kitulo huamka hema limekuwa jeupe kwa sakitu. Nimepanga sehemu hizi kwa kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: utalala? Uzuri zote zinao.

Jambo jingine ni kalenda. Sikukuu zetu hazisogezwi. Nane Nane ikiangukia Jumapili, imekwenda. Pasaka peke yake ndiyo ina uhakika wa siku nne, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, nayo huja mvua zikiwa bado hazijaaga.

1. Matema, Ziwa Nyasa

Hii ndiyo ya kwanza kwa Saba Saba, Nane Nane na siku ya Nyerere. Milima ya Livingstone inashuka hadi karibu kuingia majini, ufukwe ni wa mchanga, na maji hayana chumvi. Nyumba kadhaa za wageni pale ufukweni huruhusu mtu kupiga hema kwenye uwanja wao, akatumia choo na bafu lao. Ukipiga simu kuuliza bei, uliza pia kama wanahesabu kwa hema au kwa kichwa. Familia ya watu watano itaona tofauti.

Tena asiye na gari anaifikia bila kuomba lifti. Unapanda Coaster Mbeya mjini, unapita Tukuyu kwenye migomba na chai, unashuka hadi Kyela, kisha unatafuta gari linalopita Ipinda kwenda Matema. Ondoka asubuhi. Ukifika Kyela jioni utalala Kyela, na Kyela huendi kulala, unakwenda kununua mchele.

Jumamosi amka mapema uende gulio la Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kufuata ufukwe. Hapo Wakisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya jirani. Wanawake hufinyanga kwa mkono, bila gurudumu, na chungu kikishachomwa kinabaki na madoa mekundu na meupe yanayotambulika hata ukikikuta sokoni Mbeya. Nunua siku ya mwisho. Mimi nilinunua siku ya kwanza, usiku nikakikalia humo humo hemani.

Kasoro zipo. Mbu ni wengi, kwa hiyo hema lisilo na wavu mzima usilipeleke. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini ukiamua kuvuma, ziwa huchafuka na wavuvi wenyewe hukaa nchi kavu. Wakikaa, nawe kaa. Usioge kwenye matete wala maji yaliyotulia, kwa sababu ya kichocho, na midomo ya mito waachie mamba. Mvua za Machi hadi Mei ni nzito, na mafuriko ya Kyela mwezi Aprili si habari mpya kwa mtu. Ndiyo maana Matema, namba moja yangu, siipendekezi kwa Pasaka.

2. Kitulo

Kwa Desemba 9, Krismasi na mwaka mpya, igeuze: Kitulo iwe ya kwanza. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na sababu kubwa ya kuilinda ni maua. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi, na mizizi yake ilikuwa ikichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha huko kinachotengenezwa kwa mizizi hiyo. Maua huanza kufunguka mvua zikishika, Novemba kuelekea Desemba, na huendelea hadi Aprili. Anayekwenda Agosti atakuta nyasi kavu na baridi, kisha atarudi akisema amedanganywa.

Simba hakuna, tembo hakuna. Hilo ndilo ninalolipenda, maana unatembea kwa miguu. Unaweza kutumia asubuhi nzima kutoka kilima hadi kilima ukiwatazama mbayuwayu wa buluu wakikata upepo juu ya majani. Mtoto wa miaka kumi anaimudu safari hiyo, ilimradi awe na buti.

Njia inayosimuliwa zaidi ni ya Chimala, karibu kilomita 80 kutoka Mbeya kwa barabara ya Dar es Salaam. Hapo unaacha lami na kupanda kwenda Matamba kwa kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Nilizihesabu nikapotea kwenye thelathini na kitu, tumbo likiwa limeshakataa. Njia ya pili huiacha barabara ya Tukuyu pale Isyonje na kuelekea Makete ikipasua uwanda. Mvua ikinyesha, njia zote mbili zinataka gari la kuvuta magurudumu manne na dereva asiye na haraka.

Sasa usingizi. Hata Desemba usiku ni wa baridi, na Juni hadi Agosti ni adhabu. Blanketi la pili halikusaidii kama godoro, kwa sababu baridi ya Kitulo inatoka chini. Weka mkeka wa povu, juu yake begi la kulalia, na ulale na soksi kavu ambazo hukutembea nazo. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na hema "la watu wanne" nililouziwa duka moja mjini. Watu wanne wa nani, sijui. Turubai lake la juu lilifika nusu kama kofia, na ilipofika saa nane usiku ukungu ulikuwa umeshakuwa maji ndani.

3. Ruaha

Kwa mtu wa Iringa ingeweza kuwa ya kwanza. Kwa mtu wa Mbeya, kilomita zaidi ya 300 hadi Iringa, kisha zaidi ya 100 kupita Tungamalenga hadi hifadhini, zinakula siku mbili kati ya tatu. Ukiwa na siku nne, nenda.

Msimu wake ni Juni hadi Oktoba, wanyama wanapoufuata Mto Ruaha Mkuu. Lakini mto huo si ule wa zamani. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka sehemu ya kiangazi kwa sababu maji mengi hutumika Usangu juu huko, kwa hiyo kambi "ya mtoni" mwezi Oktoba huenda ikawa kambi ya mchanga na vidimbwi. Wanyama hujaa kwenye vidimbwi hivyo hivyo, wala si hasara kwa mwenye darubini.

Kambi za umma hazina uzio. Usiingize machungwa wala ndizi hemani, tembo ana pua. Usiku ukibanwa, mulika kwanza. Nguo za buluu na nyeusi ziache nyumbani, mbung'o wanazipenda.

Kwa Ruaha na Kitulo, mambo ya malipo ni mamoja. Beba kitambulisho cha taifa, maana mwananchi hulipa kwa shilingi na hulipa kidogo sana kuliko mgeni. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, na ada ya kambi ni kando, kwa kila usiku. Ukiingia saa sita mchana na kutoka saa sita mchana ya kesho yake hupotezi kitu. Ukiingia saa nne asubuhi na kutoka saa saba mchana wa kesho yake umejiongezea siku nzima. Malipo ni kwa kadi au simu, si noti mkononi, kwa hiyo weka salio kabla mtandao haujakata.

4. Kisolanza

Shamba la zamani kando ya barabara kuu, kilomita 50 hivi kutoka Iringa kuelekea Mafinga. Hakuna maajabu ya kusimulia. Kuna uwanja wa hema, miti, maji ya moto, na mboga na nyama za shambani za kununua ukachome mwenyewe. Hii ndiyo ya Pasaka: lami hadi karibu na mlango, na mvua ikizidi unakunja na kuondoka. Njiani usiache Isimila, kilomita 20 tu kutoka Iringa mjini, penye nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale.

5. Ngosi

Nimeiweka mwisho, na najua watu wa Rungwe watanitolea macho. Ziwa lile ndani ya shimo la volkano ni zuri kuliko picha zake. Lakini ukingo wake ni mwinamo mkali, maji utayatazama kutoka juu, msitu unatona, na Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini. Panda asubuhi na kiongozi wa kijijini, shuka mchana, kisha uendelee na safari ya Matema, maana iko njia moja.

Na kama ni Matema, nunua vigingi virefu. Vile vifupi vinavyokuja na hema vimetengenezwa kwa udongo, mchangani havishiki. Ukivikosa, jaza mifuko ya sandarusi mchanga, funga kamba za hema, uifukie.