Oksidi ya zinki, gramu 500: niliyoirudisha na niliyobaki nayo

Mwaka huu nimenunua oksidi ya zinki, unga mweupe wa kemikali, mara mbili katikati ya jiji la Nairobi kwa ajili ya utafiti wangu wa uzamili. Ya kwanza niliirudisha dukani siku ya pili. Nyingine ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Ile ya kwanza nilipimiwa kutoka gunia, ikatiwa kwenye mkebe ulioandikwa jina kwa kalamu. Nilipouliza nambari ya toleo, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja, muuzaji alinijibu, "Dada, zote ni sawa." Maabara nilipasha kiasi cha ncha ya kijiko ndani ya neli ya majaribio. Aliyesoma kemia sekondari anakumbuka: oksidi ya zinki ikiwa moto hugeuka manjano, ikipoa hurudi nyeupe, kwa kuwa joto huipunguzia oksijeni kidogo. Yangu ilibaki nyeupe pepepe. Nikaidondoshea asidi ya haidrokloriki, ikafoka povu. Oksidi safi huyeyuka bila povu. Povu lile lilikuwa la kaboneti, chumvi inayotoa gesi ikikutana na asidi. Pesa nilirudishiwa, ila siku mbili za kazi zilikuwa zimekwenda.

Chupa ya pili, kutoka kwa muuzaji mwingine, ilikuja na lebo kamili: ZnO, nambari ya CAS (utambulisho wa kimataifa wa kemikali) 1314-13-2, kiwango cha usafi na nambari ya toleo. Hati ya usalama nilitumiwa kwa WhatsApp hata kabla sijalipa, jambo lililonifurahisha sana. Kwenye moto ikawa manjano ya limau, na ilipopoa weupe ukarudi taratibu kuanzia pembeni. Sikuishia hapo, maana titani dioksidi, unga mwingine mweupe, nayo hugeuka manjano ikipata moto. Asidi ndiyo hutenganisha: zinki iliyeyuka yote, maji yakawa maangavu, ilhali titani ingetulia chini vilevile. Nikaongeza matone ya amonia, mashapo meupe yakajitokeza, nilipozidisha, yakatoweka. Hapo nikaridhika.

Mimi huichanganya na maji ya rangi ya methilini bluu na kuyaanika juani. Miale ya urujuanimno huuamsha unga huu nao huivunja rangi, na kuiona bluu ile ikififia hadi maji yakawa karibu meupe kulinipa moyo, kwani lengo langu ni maji machafu ya viwanda vya nguo. Kasoro niliyoiona ni madonge. Lazima niusage kwanza kwenye kinu kidogo.

Kuhusu usalama, unga wenyewe si wa kuogofya, umo hata kwenye losheni ya kalamini. Vumbi lake ndilo la kuepuka, kwa hiyo navaa barakoa ninapopima. Moshi wake, unaotoka zinki ikiungua, ni hatari zaidi. Mjomba wangu huchomelea mageti, na kila akichoma mabati yaliyopakwa zinki alikuwa akirudi jioni na baridi, homa na ladha ya chuma mdomoni. Alidhani maziwa yanamkinga, kumbe hayazuii kitu. Siku hizi huikwangua zinki kwanza na kufanyia kazi nje penye upepo.

Lebo ina alama ya mti mkavu na samaki mfu, maana oksidi hii ni sumu kali kwa viumbe wa majini. Mabaki yangu naweka kwenye dumu lenye lebo. Siyamwagi kwenye sinki, na ningemwomba kila mtafiti mwenzangu afanye vivyo hivyo. Chupa naifunga vizuri, kwani unga huu hufyonza unyevu na kaboni dioksidi hewani. Ikiisha, nitarudi kwa muuzaji yuleyule.