Uzoefu wangu na sona ya pembeni kwenye boti ya uvuvi: picha safi hupatikanaje

Sona ya pembeni, yaani kifaa kinachochora sakafu ya maji kwa mwangwi wa sauti, ninayoitumia kwenye boti ndogo ya uvuvi, yenye injini ya kupachika nyuma, imenipa picha za sakafu ya maji ambazo kipimakina cha kawaida hakiwezi kuzitoa, na kwa hilo naisifu bila kusita. Hata hivyo, ubora wa picha hizo hutegemea zaidi mahali transdyusa (sehemu inayorusha na kupokea sauti majini) ilipofungwa na namna boti inavyoendeshwa kuliko ukubwa wa skrini, ingawa ukubwa wa skrini ndio unaotangazwa zaidi na wauzaji.

Nianze na ufungaji. Transdyusa hurusha sauti kwenda kulia na kushoto, kwa hiyo ni lazima pande zote mbili ziwe wazi. Ikifungwa juu mno kwenye ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, mguu wa injini hukinga upande mmoja, na nusu ya picha hubaki na giza ambalo hakuna mpangilio wa skrini utakaoliondoa. Ikifungwa mahali ambapo maji yanatoka chini ya boti yakiwa na viputo vingi, picha hujaa ukungu kila mwendo unapoongezeka, kwa sababu hewa huzuia sauti. Yangu imewekwa mbali na rafadha, chini kidogo ya usawa wa ubao, ikiwa imelala sawasawa kutoka omo (mbele ya boti) hadi tezi, na tangu hapo pande zote mbili zinaonekana kwa nguvu moja. Kitabu cha maelezo kilichokuja na kifaa kililigusia jambo hili kwa sentensi chache mno, nami naona ni upungufu, maana hapa ndipo picha inaponusurika au kuharibika.

Jambo linalostahili kueleweka vizuri zaidi ni uhusiano wa upana wa eneo linalotazamwa na mwendo wa boti. Sona hii haipigi picha kwa mkupuo mmoja: hurusha mlio mwembamba, hupokea mwangwi, huchora mstari mmoja, kisha hurudia, na mistari hiyo huungana kama ukili unavyoshonwa ukawa mkeka. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Ukichagua kutazama mita 60 kila upande, mlio lazima uende na kurudi mita 120, kwa hiyo kifaa hakiwezi kuchora zaidi ya mistari 12 hivi kwa sekunde. Boti ikienda noti 4, yaani takriban mita 2 kwa sekunde, mistari huachana kwa sentimita 16. Ukipunguza upana hadi mita 30, nafasi hiyo hushuka hadi sentimita 8, na gogo lililokuwa doa lisiloeleweka huanza kuonyesha matawi yake. Ndiyo maana huanza na upana wa mara tatu au nne ya kina, nikaenda polepole, na kuongeza upana pale tu ninapotafuta eneo jipya.

Kifaa hiki kina viwango vitatu vya mitetemo: kilohezi 455, kilohezi 800 na megahezi 1.2. Kiwango cha juu hutoa picha kali zaidi, lakini maji humeza mitetemo hiyo haraka, hivyo pembezoni mwa picha hufifia mapema. Kwa kazi ya kila siku napendelea kilohezi 455 kwa kutafuta, kisha kile cha juu kwa kurudia mahali palipovutia.

Usukani nao una sehemu yake. Boti ikikata kona, vitu vya upande wa ndani hupigwa mlio mara nyingi vikaonekana vimerefushwa, na vya upande wa nje huonekana vimebanwa, kwa hiyo siamini umbo lolote nililoliona wakati wa kugeuka. Mawimbi yanayoyumbisha boti nayo huipinda mistari, na siku ya namna hiyo ni afadhali kuahirisha upimaji kuliko kuhangaika na vitufe.

Katika kuisoma picha, kivuli kina thamani kuliko kitu chenyewe. Mwamba na mchanga mgumu hung'aa, tope huwa jeusi, na nyuma ya kila kilichoinuka sauti haifiki, pakabaki kivuli. Kina kikiwa mita 10, kivuli kikiwa na urefu wa mita 5 na kikiishia mita 25 kutoka kwenye boti, kitu hicho kimeinuka takriban mita 2 (urefu wa kivuli mara kina, ugawanye kwa umbali huo wa mita 25). Samaki walio juu ya sakafu hutambulika kwa sababu kivuli chao huwa kimeachana nao.

Kuhusu umeme, waya wa kifaa unaotoka moja kwa moja kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake na ukipita mbali na nyaya za injini, uliondoa vidoa vilivyokuwa vikitapakaa kwenye skrini. Kipimakina kingine kinachotumia mitetemo ileile ni vyema kizimwe.

Kinachobaki ni alama za mahali. Kifaa huruhusu kugusa kitu kwenye picha na kukihifadhi, nami nimekuta alama huangukia pembeni ya mwamba iwapo antena ya GPS iko omo na transdyusa iko tezi, hivyo antena yangu sasa imefungwa karibu na transdyusa.