Kitabu cha Calestous Juma, kama kwenu mnabishana kuhusu mahindi ya GMO (yale yaliyobadilishwa vinasaba maabara) kisome

Nimemaliza jana usiku Innovation and Its Enemies ya marehemu Prof Calestous Juma na bado kinanizunguka kichwani. Huyu ni mtu wa Port Victoria huko Busia, alianza kama mwalimu wa shule ya msingi, akaingia gazeti la Nation kuandika habari za sayansi, 1988 akaanzisha ACTS, kituo cha utafiti wa teknolojia, hapa Nairobi, mwisho akawa profesa Harvard, na miaka yote hiyo alikuwa anafuatilia teknolojia mpya ikiingia kwa watu nani anafaidi na nani anaumia. Kitabu kilitoka 2016, mwaka uliofuata akafariki.

Mi nilikinunua sababu ya mamangu. Analima shamba dogo Bungoma, na tangu serikali itangaze Oktoba 2022 kuondoa ile marufuku ya GMO ya 2012, kesi zikaenda kortini na sisi tukabaki tukizozana kwa simu. Namwambia mahindi ya Bt, aina moja ya hiyo GMO, yanajikinga na viwavi, yeye ananiuliza na mbegu ya mwaka ujao natoa wapi. Nilikuwa naona ni ushamba tu.

Sasa soma sura ya margarini, hii hii Blue Band tunapaka kwa mkate. Kumbe huko Marekani watu wa maziwa waliipiga vita mpaka majimbo kama New Hampshire yakapitisha sheria itiwe rangi ya pinki ili watu waionee kinyaa! Kahawa nayo ilipigwa marufuku Makka 1511. Juma anasema watu hawakatai kitu eti kwa sababu ni kipya, wanachoogopa ni kupoteza, iwe riziki, heshima ama mazoea yao. Hapo nikaweka kitabu chini, nikaona yale mahindi ya mbegu mama ananing'iniza jikoni juu ya moshi, meusi tii, alichagua mwenyewe moja moja, na mamake alifanya hivyo hivyo.

Sura ya GMO yenyewe ndo haikunishibisha, makampuni na sheria ni nyingi, nilitaka nimsikie mkulima mwenyewe kwa urefu. Kingereza pia ni kizito mahali pengine. Na ukiagiza mtandaoni kagua kabla ya kulipa, mimi muuzaji alinitumia nakala gundi imeachia, kurasa za mwisho zinachomoka mkononi.

Nyota nne na nusu. Wikendi naenda Bungoma nacho, nitamsimulia mama hiyo ya margarini halafu nimuulize vizuri, safari hii nikae kimya ajibu mpaka amalize.