Catan yenye maharamia: uzoefu wangu na Cities & Knights

Kama nyumbani kwenu mmeshacheza Catan, mchezo wa mezani wa kujenga vijiji na miji kisiwani kwa mali zinazogawiwa na dadu, mpaka kila mtu anajua mwenzake atajenga wapi, tafuteni nyongeza inayoitwa Cities & Knights. Huo ndio ushauri wangu. Haichezwi peke yake, lazima muwe na Catan ya kawaida, maana vigae, barabara, vijiji na kadi za mali vinatoka humo.

Sisi tunaishi Ujerumani, nchi mchezo huu ulikozaliwa. Aliyeubuni ni Klaus Teuber, aliyekuwa fundi wa meno bandia. Ulitoka mwaka 1995 na mwaka huohuo ukapata Spiel des Jahres, tuzo kubwa ya michezo ya mezani huku. Nyongeza ninayoizungumzia ilitoka mwaka 1998, kwa hiyo madukani ni ya zamani, ila kwetu ni mpya. Mezani tunakuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu aliye sekondari, na kaka yangu anayekuja wikiendi.

Ile ya kawaida tuliipenda, lakini ilifika mahali dadu ndizo zinazocheza, si watu. Mimi nimekulia kwenye bao, ambako kete zote ziko mbele ya macho yenu na hakuna bahati ya kulaumu. Kwa hiyo kukaa raundi nzima bila kupata hata tofali moja, huku mwenzangu anakaribia pointi 10 za ushindi, kulianza kunichosha. Kwenye nyongeza hii mshindi anatakiwa kufikisha pointi 13, na njia za kuzipata ni nyingi zaidi.

Unaanza na kijiji kimoja na mji mmoja, badala ya vijiji viwili. Mji uliopakana na malisho hautoi tena sufu mbili, unatoa sufu moja na kitambaa kimoja. Wa msituni unatoa mbao na karatasi, wa milimani unatoa madini na sarafu. Ngano na matofali zinabaki mbilimbili kama zamani. Vitambaa, sarafu na karatasi ndizo zinazoendeleza miji yako katika biashara, siasa au sayansi: hatua ya kwanza inagharimu moja, ya pili mbili, hivyohivyo mpaka ya tano. Wa kwanza kufika hatua ya nne katika njia mojawapo anapandisha mji wake kuwa jiji, na jiji ni pointi 4. Lakini asilale, kwa sababu mwingine akimtangulia kufika hatua ya tano, jiji linahama.

Binti yangu hukimbilia sayansi kila mara, na namwelewa. Ukifika hatua ya tatu hapo, dadu zikirushwa zisikupe kitu chochote, unachagua mali moja unayoitaka, isipokuwa ikitoka 7. Kanuni hiyo moja imerudisha amani nyumbani kwetu kuliko nilivyotarajia.

Sasa nije kwenye meli. Kuna dadu ya tatu yenye picha badala ya namba, na pande zake tatu kati ya sita zina meli ya maharamia. Meli ikitokea, inasogea hatua moja kuelekea kisiwani. Njia yake ina hatua saba, maana yake kwa wastani wanafika kila baada ya mirusho 14. Mnaweza kukaa kwa utulivu muda mrefu, na mnaweza kuvamiwa kabla hamjajipanga. Wakifika, mnahesabu miji na majiji yote yaliyoko kisiwani, halafu nguvu ya askari wote walio macho. Askari wakifikia idadi hiyo au kuizidi, kisiwa kimepona, na aliyechangia nguvu nyingi kuliko wengine anapata pointi. Wakipungua, aliyechangia kidogo kuliko wote mji wake unarudi kuwa kijiji.

Askari wenyewe wanalala. Kumwamsha mmoja kunahitaji ngano moja, na vita vikiisha wote wanalala tena. Hapo ndipo tabia za watu zinapoonekana.

Juzi meli ilikuwa imebakiza hatua moja. Miji na majiji kwa jumla sita. Mimi nina nguvu mbili, binti yangu mbili, mume wangu moja: tano. Kaka yangu ana askari wawili, wote wamelala, na zamu ni yake. Ngano anayo, sote tulimwona akiichukua. Ila mji wake pekee ulishakuwa jiji, na maharamia hawaligusi jiji.

"Mjomba, ngano moja tu!" binti akamwambia.

"Langu haliguswi, mwanangu. Muulize baba yako."

Na kweli, mji ambao ungeanguka ni wa mume wangu. Akazipanga kadi zake, akazitazama, akachomoa sarafu aliyokuwa akiikusanyia hatua yake ijayo. "Shemeji, shika hii, mwamshe mmoja." Kaka akaipokea, akasema sarafu moja haitoshi kwa askari mmoja, aongezewe sufu. Akaongezewa. Ngano ikatoka, tukawa sita kwa sita. Mrusho uliofuata ulikuwa wa meli. Mimi na binti yangu tulikuwa tumelingana kwa kuchangia zaidi, kwa hiyo hakukuwa na pointi ya mtu, kila mmoja wetu akachukua kadi ya maendeleo, yaani kadi yenye maelezo ya hila unayoweza kuitumia.

Kwenye Catan ya kawaida sijawahi kuona biashara ya namna hiyo. Kule unabadilishana kwa sababu unakosa tofali. Huku unabadilishana kwa sababu jirani ameshika usalama wako mkononi na anajua bei yake.

Kuna mambo ya kuyajua kabla hujatoa hela. Mchezo unachukua zaidi ya saa mbili, na wa kwanza kwenu utachukua zaidi ya hapo. Kadi za maendeleo ziko 54 na kila aina ina maelezo yake, kwa hiyo mtoto asiyesoma haraka atapata taabu. Kanuni za askari kufukuzana barabarani ni nzito. Sisi tuliziacha pembeni mwanzoni, tukaziingiza baada ya mengine yote kuzoeleka, na nashauri mfanye hivyo. Baadhi ya kadi ni kali pia: ipo inayomlazimisha mwenzio kumwondoa askari wake, kisha wewe unaweka wako wa nguvu ileile. Kaka alitaka tuitoe. Nilikataa, kwa sababu bila kadi hiyo mwenye askari wengi hana wa kumwogopa.

Mgeni ambaye hajawahi kucheza Catan msimwanzishie hapa. Mpeni ile ya kawaida kwanza, hata mara moja.

Na ni ya watu watatu au wanne. Mkiwa watano au sita kuna maboksi mawili zaidi ya kununua, moja la Catan yenyewe na moja la nyongeza hii, na kwa urefu wa mchezo ulivyo, mimi singefika huko.