Uzoefu wangu na The Walking Dead: mchezo wa mazombi unaopima maadili

Msimu wa kwanza wa mchezo wa kompyuta uitwao The Walking Dead ulitolewa na kampuni ya Telltale Games mwaka 2012, katika sehemu tano zilizofuatana, nami nimeucheza hadi mwisho na kuurudia. Ninauandikia tathmini hii kwa sababu sijapata kukutana na hadithi nyingine ya mazombi inayomsukuma mtu kufikiri kuhusu haki, wajibu na huruma kwa kiasi hiki. Anayetafuta kupiga risasi na kukimbia hataridhika, maana sehemu kubwa ya mchezo ni mazungumzo, na kazi ya mchezaji ni kuamua la kusema na la kutenda. Natanguliza taarifa kwamba nitayataja matukio ya hadithi yenyewe, yakiwemo ya mwishoni.

Mchezaji anakuwa Lee Everett, aliyekuwa mhadhiri wa historia huko Georgia, Marekani, ambaye hadithi inapoanza anapelekwa gerezani kwa kosa la kuua. Gari la polisi linapata ajali, wafu wameanza kutembea, na muda si mrefu anajikuta mlezi wa Clementine, mtoto wa miaka minane anayejificha katika kibanda cha juu ya mti.

Tukio lililonigusa kuliko yote halina hata zombi mmoja. Katika sehemu ya pili kundi limekaa motelini kwa miezi, njaa imewabana, na Lee anakabidhiwa chakula cha siku hiyo akigawe: vipande vinne kwa watu kumi. Hapewi kanuni yoyote ya kufuata. Ukishika hesabu ya mwanafalsafa Jeremy Bentham, ya furaha iliyo kubwa kwa walio wengi, utawapa wenye nguvu, kwa kuwa wao ndio wanaowinda na kulinda, na kwa mikono yao wengine watapona. Ukitazama unyonge utaanza na watoto wawili, na hapo chakula kimebaki nusu. Tena yupo Larry, mzee mkali mwenye ugonjwa wa moyo, ambaye katika sehemu ya kwanza alimpiga Lee ngumi na kumwacha aliwe na wafu. Naye ana njaa kama wenzake. Nilizunguka uwanjani nikizungumza na kila mmoja kabla ya kutoa chochote, na kila mazungumzo yalizidisha ugumu, kwa sababu mtu ukishamsikiliza si rahisi kumpita. Larry nilimpa kipande. Sikumpa kwa kuwa ameustahili ukarimu wangu. Nilimpa kwa sababu niliona kwamba mgao unaoanza kwa kuuliza nani alinikosea ni kisasi tu, hata ukiitwa utaratibu. Yeyote aliyewahi kugawa urithi au kupanga zamu za kazi atalitambua jambo hili bila kuhitaji zombi.

Muda nao ni mwalimu mkali katika mchezo huu. Maamuzi mengi yana mstari unaofupika kwenye skrini, na ukikaa kimya hadi uishe, ukimya wako unahesabiwa kuwa jibu. Tangu mwanafalsafa Philippa Foot alipoandika mwaka 1967 kuhusu dereva wa behewa lililokosa breki, ambaye hana budi kuchagua kati ya njia yenye watu watano na njia yenye mtu mmoja, wanafunzi wa falsafa wamekuwa wakilijadili swali hilo kwa utulivu wa darasani. Hapa utulivu huo haupo, na kinachojibu ni mazoea ya mtu. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu mara kwa mara. Nimelielewa fundisho hilo zaidi kwa kushika kidhibiti cha mchezo kuliko nilivyolielewa kwa kulisoma.

Baadaye Larry huyo huyo anaanguka kwa shambulio la moyo, wakiwa wamefungiwa katika chumba baridi cha kuhifadhia nyama. Kenny, mmoja wa kundi, anataka kichwa chake kipondwe kabla hajageuka kuwa zombi; Lilly, binti wa mzee, anakulilia umsaidie kuukandamiza moyo urudi. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na mimi sikuweza kumhesabu kuwa hatari tupu mtu ambaye huenda bado yu hai. Nilimsaidia Lilly. Kenny alimponda kwa jiwe la chumvi hata hivyo, mara tu baada ya midomo ya mzee kuonekana ikitikisika.

Hapo ndipo penye lawama inayorudiwa na wachezaji wengi: uamue lolote, hadithi hurudi kwenye njia ile ile. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza unaokoa mmoja kati ya wenzako wawili, Doug na Carley, na uliyemwokoa hupigwa risasi katika sehemu ya tatu. Kwa mtu anayepima tendo kwa matokeo yake peke yake, huu ni udhaifu mkubwa, na sikatai kwamba mchezo unaahidi mabadiliko makubwa kuliko unayoyatoa. Hata hivyo, nadhani ndipo thamani yake ilipo. Maishani nako tunamuuguza mgonjwa asiyepona, na hakuna mwenye akili timamu anayesema uuguzi ule ulikuwa bure.

Kisha kuna lile gari porini, taa zinawaka, limejaa vyakula, mwenyewe haonekani. Wenzako wanasema limetelekezwa, yaani asiyekuwapo na lake halipo. Clementine peke yake anauliza kama lina mwenyewe. Ukikataa kuchukua, wengine watachukua. Lakini mtoto amekuona, na mchezo unakuarifu mara kwa mara kwamba atakumbuka. Katika sehemu ya tano mwenye gari anajitokeza: chakula kile kilikuwa cha familia yake, ambayo haikuendelea tena kuwapo.

Mambo ya matumizi ni machache. Mazungumzo ni ya Kiingereza na huenda kasi, kwa hiyo washa manukuu. Watoto wasiucheze, kwani kuna ukatili wa wazi. Kila sehemu inapomalizika huonyeshwa asilimia ya wachezaji waliochagua kama wewe, nami napendekeza mcheze wawili na kujadiliana hapo kabla ya kuendelea. Ndugu yangu naye alimsaidia Lilly, kwa hiyo tumo katika asilimia ile ile. Sababu yake ilikuwa kwamba Lilly ndiye kiongozi wa kundi na hakutaka kugombana naye.