Yuniti ya kijana wangu hapa Eastlands, maoni yangu kwa wazazi wanaotafuta shule

Wazazi wengi wameniuliza kuhusu yuniti anayosoma kijana wangu, na kwa sababu kuna mahali nitasifu na mahali nitalalamika, jina la shule naliacha, jueni tu ni shule ya msingi ya serikali hapa Eastlands, Nairobi, na yuniti, yaani darasa maalum ndani ya shule ya kawaida, ni ya watoto wenye otizimu na ulemavu wa akili. Kijana wangu ana miaka 14, haongei sana lakini anaelewa mengi. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kwanza, hapa hawamshindilii mtoto ABC miaka nenda miaka rudi. Njia ya watoto wetu kwa CBC, mtaala wa umilisi, inaenda kwa hatua, foundesheni (ya msingi), intamidieti (ya kati), halafu privokesheno (ya kuandaliwa kwa kazi za mikono), si gredi, kwa hivyo ticha ana nafasi ya kufunza kuoga, kuvaa, kupika, kununua, kuvuka barabara, na huyu anaitumia hiyo nafasi kweli. Nimeenda shule zingine hiyo kazi iko kwa ratiba tu, ukifika unakuta watoto wanapaka michoro rangi kuanzia asubuhi mpaka lanchi.

Vile wanafunza ndiyo imenishika roho. Chukua shati ya yunifomu. Ticha anafunga vifungo vyote anaacha cha mwisho, mtoto anafunga hicho kimoja, anapongezwa, imeisha. Akikizoea anaachiwa viwili, halafu vitatu, wanarudi nyuma hivyo hivyo mpaka siku anafunga shati yote mwenyewe. Yaani kila siku mtoto ndiye anamaliza kazi, hakuna siku anaachwa katikati analia. Na usaidizi unapunguzwa polepole, mwanzo aunti, yaani msaidizi wa ticha, anamshika mkono, baadaye anamgusa kiwiko tu, baadaye anaonyesha kwa kidole, mwishowe ananyamaza anangoja. Hapo kwa kungoja ndipo pagumu jamani, sisi wazazi asubuhi tuna haraka, gari la shule linapiga honi, tunamvalisha mtoto tutoke. Kila siku wanaandika kwa karatasi, leo amefanya mwenyewe, leo ameonyeshwa, leo ameshikwa mkono, na ukiuliza unaonyeshwa hiyo karatasi, si kuambiwa tu "anaendelea vizuri mama".

Kitu kingine ni maji. Shuleni kuna mfereji, lakini kwetu huku maji ni ya mgao, siku zingine tunaishi kwa mitungi, sasa mtoto aliyefunzwa kunawa mikono kwa kufungua mfereji akifika nyumbani akute mfereji umekauka anasimama hapo tu, hajui afanye nini, na watu wanasema amesahau ilhali hajasahau chochote, amefunzwa mfereji. Ticha alituomba kila mzazi apige picha ya mahali mtoto ananawia na kuogea nyumbani, na picha za kijana wangu za kuonyesha hatua, zile zimebandikwa ukutani, zikabadilishwa ziwe za beseni na jagi. Tangu hapo ananawa nyumbani bila kuambiwa. Hii tu ingetosha mimi kuwapa nyota tatu.

Pesa nayo wameitafutia njia. Sarafu mpya zilizotoka 2018 zina wanyama, twiga ni bob moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini, na kwa mtoto asiyesoma namba hiyo ni zawadi kubwa, anajua simba ananunua mandazi. Shida ni zile za zamani zenye sura za marais, Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu kwa pesa lakini sarafu zenyewe bado zinazunguka, kwa hivyo ticha anafunza simba kwanza mpaka ishike ndipo analeta ya zamani aiweke kando yake. Halafu hawana duka la kuigiza darasani, wanatoka nje ya geti kwa kioski ya kweli, muuzaji ameelezwa asimharakishe mtoto wala asichukue pesa kutoka mkononi mwake, angoje apewe. Na ticha alitusihi tukienda dukani na hawa watoto tulipe keshi, maana siku hizi kila kitu ni M-Pesa, mtoto anaona mama anabonyeza simu na unga unatoka, atajuaje pesa ni nini?

Sasa nyota moja iliyopungua. Ticha ni mmoja na aunti mmoja kwa watoto ambao ni wengi kuwazidi, kwa hivyo asubuhi kazi inaenda vizuri, lakini mchana wakichoka watoto wanakaa tu. Choo cha yuniti mlango haufungi kwa ndani. Hili linaniuma kwa sababu ndipo mahali wanafunza mwili wako ni wako, funga mlango, mtu asikushike hapa, na wasichana wakubwa wanafunzwa kubadilisha pedi hapo hapo, sasa unamfunzaje mtoto kufunga mlango usiofungika? Wazazi tumeshaliongea na ofisi, tunangoja. Ya tatu ni privokesheno, kila mtoto anapewa shanga. Kijana wangu shanga hazitaki kabisa, lakini mpe sahani za darasa zima azioshe azipange kwa saizi na hutamsikia akisumbua, mtu kama huyo angefundishwa kazi ya jikoni au ya kupanga bidhaa kwa supamaketi. Nimemwambia ticha, amekubali, anasema vifaa ndivyo hakuna.

Kama unatafuta nafasi popote, mtoto apelekwe kwanza EARC, kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya mtoto ya kielimu, afanyiwe asesmenti, ile riporti ndiyo shule itakuuliza, ubebe na cheti cha kuzaliwa. Halafu ukienda kuangalia shule usiende saa ya paredi, enda saa nne wakati wa chai. Angalia ni nani anamimina chai, mtoto au aunti, na nani anaosha vikombe. Omba kuonyeshwa choo. Omba kuona karatasi wanazoandika za mtoto mmoja bila jina, na uulize mzazi wa mwisho kuitwa darasani kuonyeshwa vile mtoto wake anafanya kitu ilikuwa lini.