Rode NT2-A mbili: kurekodi sauti na gita kavu kwa pamoja

Ninarekodi waimbaji wanaojipigia gita kavu wenyewe. Mtu wa aina hiyo ukimwambia apige gita kwanza, kisha avae hedifoni aimbe juu yake, wimbo unapoa. Pale alipozoea kuvuta pumzi na vidole vikamsubiri, havimsubiri tena. Ndiyo maana nashikilia kuwarekodi kwa mara moja, na kwa kazi hiyo sijapata maiki iliyonifaa kuliko Rode NT2-A.

Ugumu wenyewe ni kwamba sauti huingia kwenye maiki ya gita, na gita kwenye maiki ya sauti, kwa nyakati tofauti. Umbali ukipishana sentimeta 34 tu, tayari ni kama milisekunde 1. Ukichanganya chaneli hizo, baadhi ya mawimbi yanafutana na mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi.

NT2-A ina swichi ya kuchagua inasikia upande gani: pande zote, mbele tu, au umbo la nane. Hilo la nane ndilo lililonifanya niipende. Inasikia mbele na nyuma, lakini ubavuni, juu ya kichwa na chini kwenye kitako ni kama kiziwi. Ya sauti naining'iniza kichwa chini, uso ukimtazama mwimbaji, kichwa kikielekea gita. Ya gita naisimamisha ikitazama pale shingo inapoungana na mwili, kichwa kikielekea mdomoni. Kisha namwomba aimbe bila kupiga, nasikiliza chaneli ya gita peke yake, naiinamisha kidogo kidogo hadi sauti yake ififie. Haipotei yote, kwa sababu kuta nazo zinairudisha, lakini kinachobaki hakinisumbui. Naweza kupandisha gita na sauti ikabaki nene vilevile.

Nyuma nako inasikia, kwa hiyo tundika blanketi zito nyuma ya kila maiki. Umbo la nane pia linaongeza besi ukisogea karibu. Kichujio cha hezi 80 kilichomo humo humo, kinachopunguza sauti nzito za chini, kinatosha.

Zinahitaji umeme wa volti 48 unaopitia kebo ya maiki (phantom) na stendi imara, maana ni nzito. Kadi ya sauti yenye njia mbili, mfano Focusrite Scarlett 2i2, inaziendesha zote. Bei ya maiki mbili ni mzigo kwa studio ndogo. Nunua moja, ya pili kodi siku ya kazi.

Ila kama mwimbaji wako anategemea kurekebishiwa noti moja moja kwenye kompyuta, njia hii haimfai. Gita litabaki kusikika kwa mbali kwenye sauti yake, na ukivuta noti, nalo linavutika. Akikosea, rudieni ubeti mzima.